Mwanangu anajua wimbo wa taa, mbona bado anachomoka barabarani?

Wasomaji wangu, mwezi huu barua nne kati ya zilizokuja zimeuliza kitu kile kile kwa namna nne, tivii na watoto na kuvuka barabara. Nimeamua zikae pamoja, mana jibu la mmoja litamsaidia na mwingine. Mimi nimefundisha chekechea miaka kumi na moja, hili jambo liko moyoni kwangu, kwahiyo nikirefusha mnivumilie.

BARUA YA KWANZA: Berlin

Shikamoo dada. Mimi ni mtu wa Tanga ila nipo Berlin mwaka wa sita sasa, nimeolewa huku. Nina mtoto wa kiume ana miaka minne na nusu. Anapenda tivii, namwekea zile za kufundisha watoto, kuna za namba na kuna za barabarani, na wimbo wa nyekundu simama kijani nenda anaujua wote mpaka kaka zangu wakipiga simu anawaimbia. Sasa wiki iliyopita tumesimama kwenye mataa karibu na nyumbani, nimemwachia mkono kidogo tu nimfunike mdogo wake kwenye kigari, mtoto akachomoka!! Taa yetu ilikuwa nyekundu kabisa. Mzee mmoja alimdaka kwa kofia ya jaketi, gari likapita pale pale. Nilitetemeka mpaka usiku. Nikamgombeza, yeye analia ananiambia "lakini mama ni kijani, ni kijani". Mama mkwe wangu ni wa huku huku upande wa Mashariki, anasema mume wangu alipokuwa mdogo tivii yao iliwafundisha vizuri kuhusu yule mtu wa taa mwenye kofia, eti za siku hizi ni kelele tupu. Ni kweli? Nizime tivii kabisa? Na Desemba tunakuja Dar, huko ndo sijui nitafanyaje.
*Mama wa wawili*

JIBU

Marahaba mdogo wangu, pole sana, na Mungu ambariki huyo mzee na mkono wake.

Kwanza rudi kwenye maneno ya mtoto. Amekwambia ni kijani na hakudanganyi, kijani alikiona. Wewe unavyosimama pale pembeni unajua ipi taa yako, umezoea, hata hufikirii. Sasa chuchumaa siku moja pale pale ukingoni macho yako yawe usawa wa macho yake uhesabu taa. Kuna ya magari yenye macho matatu, kuna kataa kadogo ka baiskeli, kama tramu inapita kuna na ya tramu, na ya kwake yeye iko mbali ng'ambo ya barabara. Nina uhakika karibu wote kwamba alichokiona ni kijani cha magari. Magari yameambiwa nendeni, yeye akadhani kaambiwa yeye. Alifanya kile wimbo ulichomwambia, neno kwa neno.

Ndo mana mimi ule wimbo wa rangi siupendi kwa watoto wadogo, na nimeufundisha mwenyewe miaka mingi kabla sijaelewa. Unamfundisha mtoto rangi, haumfundishi hiyo rangi ni ya nani. Kwa dereva inatosha, mana dereva anaangalia taa moja iliyo mbele yake. Kwa mtoto aliyesimama pembeni katikati ya taa nne haitoshi, na makosa yake ni ya hatari kuliko kutojua kitu kabisa, kwa sababu anaingia barabarani akiwa na uhakika.

Sasa hapo mama mkwe wako ana hoja kubwa, na uzuri ni kwamba dawa iko mlangoni kwenu. Yule mtu mwenye kofia, wenyewe wanamwita Ampelmännchen, yaani kijimtu cha taa, alibuniwa na mtaalamu wa saikolojia ya barabarani anaitwa Karl Peglau, huko huko Berlin Mashariki. Alipeleka pendekezo lake tarehe 13 Oktoba 1961. Kilichokuwa kinamsumbua Peglau ni kitu kama hiki kilichompata mwanao. Aliona taa za rangi tupu haziwasaidii watu wasiotofautisha nyekundu na kijani, alafu ni ndogo, zinamezwa na jua na matangazo ya taa ya madukani. Akasema mwenye miguu apewe taa yenye umbo na sio rangi peke yake. Nyekundu ikawa mtu kasimama kakunjua mikono yote miwili kama kizuizi cha barabarani. Kijani ikawa mtu yule yule kwa ubavu anatembea, mguu mbele. Katibu wake Anneliese Wegner ndo aliyechora, na ile kofia Peglau mwenyewe alidhani wakubwa wataikataa. Waliipitisha. Mwili wake mnene mnene unapitisha mwanga mwingi kuliko vile vijimtu vyembamba, kwahiyo hata mbali unamwona anafanya nini.

Angalia maana yake kwa mtoto wa miaka minne. Hana haja ya kukumbuka rangi ipi ni ipi. Anaangalia mtu. Kama taa haina mtu, sio taa yake, imeisha. Kama ina mtu, afanye anachofanya yule mtu.

Na tivii ya Ujerumani Mashariki ilifanya kitu cha akili sana hapo. Walikuwa na kipindi cha kulalia cha watoto, Sandmännchen, kile kikaragosi chenye ndevu nyeupe kinachokuja jioni kuwamwagia watoto mchanga wa usingizi, kimeanza 1959 na mpaka leo kipo, mwanao bila shaka anakijua. Mwaka 1982 wakatengenezwa wale watu wa taa wawe hai kabisa kwenye katuni, waongee, waonyeshe watoto mambo ya barabarani. Ilikuwa inaitwa Stiefelchen und Kompasskalle, nyuma yake alikuwepo Friedrich Rochow, na ilikuwa inawekwa ndani ya kile kipindi cha kulala mara moja kwa mwezi. Mara moja tu kwa mwezi! Sio masaa mawili kila siku. Mtoto yuko na nguo za kulalia, mzazi yuko pembeni mana ndo muda wa kulala, anamwona rafiki yake kwenye tivii, kesho asubuhi akienda chekechea anamkuta yule yule kwa kofia ile ile kwenye nguzo. Hiyo ndo siri, aliyeko kwenye tivii ndo aliyeko barabarani. Mwanao anaangalia katuni ambayo taa yake haifanani na ya mtaani kwenu, labda imechorwa duara tatu za rangi na nyuso za kucheka, akifika nje anatafuta duara za rangi. Zipo. Ni za magari.

Baada ya Ujerumani kuungana walitaka kuwaondoa hawa vijimtu waweke vya Magharibi. Watu wakagoma, miaka ya 1996 na 1997 kukawa na kamati kabisa ya kuwaokoa, na leo utawaona mpaka upande uliokuwa Berlin Magharibi. Kwahiyo mwalimu unaye hapo hapo mtaani. Mtumie.

Mimi mwenyewe nilikaa Leipzig miaka mitatu mume wangu akisoma, na kuna asubuhi moja siisahau. Baridi kali, theluji imelala, barabara nyeupe haina gari hata moja kulia wala kushoto. Mimi nina mfuko wa viazi vidole vinakufa ganzi, nimeshainua mguu nivuke. Upande wangu ikafika chekechea, watoto kama kumi na wawili, wamepangwa wawili wawili wameshikana mikono, wamevaa vijaketi vya kung'aa vya njano. Mwalimu akasimama, hakusema simama, aliuliza tu, anafanya nini yule? Watoto wote wakakunjua mikono kama yule mwekundu, yaani mstari mzima wa mikono mifupi kwenye majaketi manene, wanagongana. Mmoja wa mwisho akanigeukia akaniangalia mguu wangu uliokuwa juu. Niliushusha. Tukasubiri wote kwenye barabara tupu. Ikawaka kijani mwalimu akauliza tena, wakanyanyua mguu mmoja mmoja, alafu akauliza na magari je? Wakageuza vichwa, ndo wakavuka. Huko kuvuka taa nyekundu ukiwa kwa miguu faini yake ni euro 5 tu, wala sio hela inayomzuia mtu, ila utakuta vibao kwenye mataa vinakukumbusha vuka kwa kijani tu kwa ajili ya watoto, na bibi wa watu akikuona unavuka mbele ya mtoto atakusema mpaka utafute pa kujificha. Mwanzoni nilikasirika sana na hao mabibi. Sasa hivi nawaelewa.

Kwahiyo mdogo wangu fanya hivi. Wimbo wa rangi uache upotee taratibu, usimkataze kuimba, ila ukifika kwenye mataa usitaje rangi kabisa. Uliza, mtu wetu yuko wapi? Amwonyeshe kwa kidole. Anafanya nini? Aonyeshe kwa mwili wake, mikono au mguu. Kisha swali la tatu ambalo hakuna katuni niliyoiona inalikazia inavyotakiwa, magurudumu yamesimama? Mana huko Ujerumani mnapowashiwa kijani, gari linalokata kona nalo mara nyingi lina kijani chake, sheria inamtaka dereva awapishe lakini sheria haina breki. Mfundishe aangalie magurudumu, mtoto anayaona vizuri yako usawa wake, uso wa dereva hauoni.

Na kitu kimoja kidogo lakini kinatisha watoto, huko taa haipepesi kabla ya kubadilika, inaweza kuwa nyekundu mkiwa katikati ya barabara. Ni kawaida, muda wa kumalizia umewekwa. Ila mtoto aliyeambiwa nyekundu simama anaweza kusimama pale pale katikati au kurudi nyuma mbio. Mwambie mapema na mfanye naye kwa vitendo, tukishaanza tunamaliza.

Tivii usizime. Punguza na uchague. Tafuta kipande kimoja kifupi chenye mtu wa kofia au chenye taa ya mtu halisi, mwekee kile kile siku tano mfululizo. Usiogope kumchosha, watoto wa umri huu wanapenda kurudia na ndo wanavyoshika. Kule Marekani kipindi cha Blue's Clues kilipoanza 1996 walifanya hivyo makusudi, episodi moja wiki nzima Jumatatu mpaka Ijumaa, na mtangazaji anauliza swali anakaa kimya kabisa mtoto ajibu. Wewe pia shika remoti, isimamishe pale kabla hajavuka, muulize na sasa? Alafu siku hiyo hiyo mtoke nje mkavuke kweli. Ya kwenye tivii ikilala bila kutoka nje inabaki katuni.

Na mkono mdogo wangu. Kigari kikikusumbua, yeye ashike kigari kwa mikono miwili. Miaka minne na nusu sio umri wa kuachiwa hata sekunde tatu, hata awe profesa wa mataa. Hawezi bado kupima mwendo wa gari, na anaamini kwamba kama yeye ameliona gari basi na gari limemwona. Ya Dar isome kwenye barua inayofuata.

BARUA YA PILI: Tabata, Dar es Salaam

Dada habari za kazi. Binti yangu ana miaka mitano, anaangalia sana katuni za nje, kuna moja mnyama anafundisha wenzake kuvuka, wanabonyeza kitufe, taa inawaka, magari yote yanasimama yanapanga foleni, wanavuka huku wanapunga mkono. Sasa anapoenda shule kuna zebra tu, tena imefutika, taa hakuna, kitufe hakuna. Ananiuliza baba kitufe kiko wapi. Sina jibu. Je hizi katuni zina faida gani kwetu, au zinamharibu?
*Baba Tabata*

JIBU

Kaka swali la binti yako limenigusa, na naomba umjibu ukweli, kwamba hapa kitufe hakipo na magari hayasimami yenyewe. Mtoto wa miaka mitano anaelewa kabisa ukimwambia kule kwenye katuni ni kwingine na huku ni kwetu. Anachoharibikiwa nacho sio kitufe, ni hayo magari yote kusimama kwa pamoja na kupanga foleni. Hiyo picha itoe kichwani mwake haraka sana.

Mana kwetu hatari yenyewe unaijua. Daladala limesimama kwenye zebra, dereva kaungwana kawapungia mkono piteni, mtoto anapita mbele ya daladala, na nyuma yake inakuja bodaboda inaovateki upande wa pili haijamwona na yeye hajaiona. Gari moja kusimama sio barabara kusimama. Hilo hakuna katuni ya nje itakayomfundisha, itabidi uwe wewe ndo tivii.

Nilikuwa nafanya hivi darasani na watoto walikuwa wanaipenda kuliko luninga yenyewe. Chukua mkaa chora barabara sakafuni, mistari miwili, na zebra katikati. Vizibo vya soda ndo magari, kiberiti ndo daladala, punje ya mahindi ndo bodaboda, na mtu mdogo ni kijiti. Mwambie asogeze kijiti mpaka ubavuni mwa kiberiti. Alafu alale chini kabisa shavu sakafuni, aangalie kutokea kwenye kijiti, anaiona punje ya mahindi? Haioni. Sasa isogeze punje ipite. Utaona macho yake. Kisha mfundishe kijiti kikifika usawa wa mwisho wa kiberiti kinasimama TENA, kinachungulia, ndo kinaendelea. Kusimama mara mbili. Rudia kesho na keshokutwa, alafu mkafanye kwenye zebra yenyewe umemshika mkono, na ukifika pale mbele ya daladala usimame kweli hata kama konda anakupigia kelele twende twende.

Na gari zetu zinapita kushoto, kwahiyo ukiwa ukingoni la kwanza kukufikia linatokea kulia. Kulia, kushoto, kulia tena. Katuni ya Ujerumani au Marekani itamwambia kinyume, angalia hilo kabla hujamwekea. Dada wa Berlin na wewe Desemba ukija jambo la kwanza kumfundisha mwanao ni hili, siku ya kwanza kabla hata hajazoea joto, mana wewe mwenyewe baada ya miaka sita shingo yako itageuka kushoto bila kupenda. Na mkifika kwenye mataa ya mjini yasiyo na mtu mdogo ndani, mwambie hapa hakuna taa yetu, kwahiyo hatuiamini rangi, tunaangalia magurudumu. Akiwa ameshazoea maswali yale matatu huko Berlin, hapa linaondoka la mtu linabaki la magurudumu. Hapotezi kitu.

Kaka kuna jambo lingine siwezi kuliacha. Usikubali mtu akwambie kwamba mtoto akigongwa ni kwa sababu hakufundishwa. Shirika la afya duniani linasema ajali za barabarani ndo zinaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani, na hao wote hawakufa kwa kukosa katuni. Hapa hapa Dar shirika la Amend lilizunguka shule za msingi likatengeneza mazingira yenyewe, matuta, zebra, njia za miguu, nguzo za kuzuia magari, wakaenda na mafunzo kwa watoto, ile kazi inaitwa SARSAI na mwaka 2019 ikapata tuzo ya kimataifa ya miji ya WRI Ross. Waliweka tuta NA wakafundisha. Zebra ya shule ya binti yako imefutika, basi wewe na wazazi wenzako watano andikeni barua, pelekeni serikali ya mtaa na nakala kwa mwalimu mkuu, na msipojibiwa rudini. Rangi ya zebra sio kitu cha kumwachia mtoto wa miaka mitano afidie kwa akili yake.

BARUA YA TATU: Nairobi

Sasa dada, niko na mtoto wa miaka miwili kasoro. Nataka aanze mapema kujua mambo ya barabara, nimemwekea video kwa simu za taa na zebra, anaangalia ametulia kabisa. Naanza na gani?
*Mama Nairobi*

JIBU

Mama, anza na miguu yake, simu iweke chini. Shirika la afya duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo, chini ya miaka miwili asikae mbele ya skrini, kuanzia miwili mpaka minne isizidi saa moja kwa siku na ikipungua ni bora. Na hata ukiacha hayo, watoto wa umri huo wanajifunza kidogo sana kutoka kwenye video ukilinganisha na mtu aliye mbele yao. Ametulia, ndio, lakini kutulia sio kujifunza.

Wewe kila mnapovuka mbebe au mshike, simama ukingoni hata kama hakuna gari, sema kwa sauti maneno yale yale kila siku, tumesimama, tunaangalia, magurudumu yamelala, twende. Akifika miaka mitatu atakuwa anakuambia yeye. Video ataikuta mbele.

BARUA YA NNE: Ngara

Dada mwalimu, mimi ni mwalimu wa darasa la awali huku Ngara karibu na mpaka wa Rusumo. Shule imepewa luninga moja na mfadhili. Wenzangu wanasema luninga ni starehe haifundishi watoto wa kijijini. Na nina tatizo la pili, baadhi ya wanafunzi wangu wana ndugu upande wa Rwanda wanaenda huko likizo, na Rwanda magari yanapita kulia. Nikiwafundisha angalia kulia kwanza, si nitawaua huko?
*Mwalimu wa awali*

JIBU

Mwalimu mwenzangu nakupa mkono kwa kulifikiria hilo, watu wengi wa mbali na mpaka hawajui kama Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia na sisi na Kenya na Uganda kushoto.

Kwanza hao wenzako. Luninga inafundisha, na imeshapimwa hapa hapa kwetu kwa watoto wetu. Kilimani Sesame, ile programu ya watoto ya Kiswahili iliyokuwa na mafundisho ya malaria, ilijaribiwa kwa watoto 223 wa Dar na wa Kisarawe kwa wiki sita, na waliokuwa wameifuatilia zaidi wakapanda kwenye herufi, namba, na hata kuelewa malaria. Kisarawe ni vijijini kabisa. Baadae katuni ya Akili and Me ya Ubongo, watengenezaji ambao nao ni wa Dar, ilipimwa Morogoro kwa watoto zaidi ya 500 wa chekechea, wiki nne, nako wakapanda kuhesabu na kutambua maumbo. Kwahiyo waambie wenzako swali sio kama inafundisha, swali ni nini kinaonyeshwa na nani amekaa na watoto. Kuhesabu mtoto anaweza kuhesabu pale pale mbele ya luninga na kidole chake. Kuvuka hawezi kuvuka mbele ya luninga. Hapo ndo kazi yako ilipo, ukizima tu uwe na barabara yako uwanjani tayari, ya chokaa au ya kamba, wakiwa bado wana moto wa kipindi.

Sasa la kulia na kushoto. Mimi kwa watoto wa awali nimeacha kabisa kutumia hayo maneno, hata kwa watoto wa Dar wasiokaribia mpaka wowote. Nusu ya darasa hawajui kulia kwao ni wapi, wengine wanajua kwa mkono wa kulia chakula tu, ukiwasimamisha ukingoni na gari linakuja wanaanza kutafuta mkono. Badala yake nauliza, gari la karibu na vidole vyako vya miguu linatokea wapi? Wanyooshe mkono. Huko ndo kwanza. Swali hilo Ngara litajibiwa upande mmoja na Kigali upande mwingine, mtoto yule yule, swali lile lile, na jibu anaambiwa na magari yenyewe.

Wafundishe kwa michezo miwili. Chora barabara uwanjani, nusu ya watoto ni magari, wape kofia za maboksi. Asubuhi magari yapite kushoto, baada ya uji uwaambie sasa tumevuka daraja la Rusumo, yahamie kulia. Wale wanaovuka wasimame kwenye kamba wanyooshe mkono kule linakotokea la kwanza. Watakosea sana mara ya kwanza, waache wakosee uwanjani. Na ukiweka kipindi kwenye luninga chenye barabara, sehemu yoyote tu hata kama somo ni la matunda, gari likipita simamisha uwaulize hapa magari yanatokea upande gani kwa huyu mtoto aliyesimama. Wainuke wasimame kama yeye, wanyooshe mkono, alafu ndo ubonyeze kiendelee.